Mama wa ndimu ni nani? Kuchora mti wa ukoo wa machungwa kwa DNA ya kloroplasti, hatua kwa hatua

Walter Swingle wa Marekani alihesabu spishi 16 katika jenasi ya Citrus. Tyôzaburô Tanaka wa Japani alihesabu 162. Wote wawili walikuwa mabingwa wa kuainisha mimea, na pengo hilo halikutokana na uzembe. Miti hii huchanganyika kwa urahisi: chavua ya mchenza ikitua kwenye ua la mfurungu, chotara huzaliwa. Isitoshe, mbegu za aina nyingi huotesha nakala halisi ya mti mama bila kurutubishwa, kwa hiyo chotara mmoja aliyependwa na wakulima huweza kudumu karne nyingi bila kubadilika, hadi watu wakamwona kuwa spishi kamili. Limau ni chotara. Chungwa ni chotara. Ndimu pia.

DNA ya kloroplasti, yaani ya vile viungo vya kijani ndani ya seli za jani, haimalizi ugomvi wa Swingle na Tanaka, lakini inajibu vizuri swali moja: nasaba ya kukeni. Katika jamii hii kloroplasti hurithiwa kutoka kwa mama, chavua haichangii kitu. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ni ndogo, haichanganywi upya kila kizazi, na kila seli ya jani ina maelfu ya nakala zake, jambo linaloifanya iwe rahisi kupatikana. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi au mtafiti mwenye kompyuta ya kawaida, ikiwezekana yenye Linux, na asiyeogopa kuandika amri. Ukitumia data zilizo wazi kwa umma huhitaji maabara. Mwenye majani yake mwenyewe asome pia hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Tengeneza swali, kisha orodha

Usianze kwa kushusha kila kitu chenye jina Citrus. Andika swali kwa sentensi moja, kwa mfano: ndimu, limau, chungwa, danzi, balungi na chenza, kila mmoja mama yake ni nani? Swali hilo linakupa orodha ya pande mbili. Upande mmoja ni matunda unayoyachunguza. Upande wa pili ni wazazi wanaoshukiwa: furungu (Citrus maxima), chenza asilia (C. reticulata), sitroni (C. medica), lile tunda la ganda nene sana lenye maji kidogo, na C. micrantha, spishi ya Ufilipino ambayo wengi hawajawahi kuiona wala hawahitaji kuiona sokoni, lakini bila yake fumbo la ndimu halifumbuki.

Ongeza jamaa wa mbali kidogo ili mti upate umbo: kumkwati (Fortunella), mojawapo ya ndimu za mwitu za Australia kama C. australasica, na Poncirus trifoliata yenye majani ya vipande vitatu.

Mwisho chagua mmea wa nje, yaani ule unaojua kwa hakika kwamba umekaa nje ya kundi, ili mti upate mzizi. Severinia buxifolia ya China, ambayo siku hizi wengine huiita Atalantia buxifolia, inafaa sana kwa sababu iko nje lakini si mbali. Watu wa kwetu huvutiwa kutumia mjafari (Zanthoxylum), kwa kuwa nao ni wa familia ya Rutaceae na unaota porini hapa Afrika Mashariki. Uweke ukipenda, ila usiwe wa nje peke yake. Mmea wa mbali mno huleta tawi refu, na tawi refu huweza kuuburuta mzizi mahali pasipo pake. Citropsis, jamaa wa machungwa anayeota katika misitu ya Uganda na Congo, ni bora zaidi kwa kazi hii ukipata data zake.

Kwa kila aina tafuta angalau sampuli mbili kutoka vyanzo tofauti. Majina kwenye hifadhidata huandikwa na binadamu, na binadamu huchanganya miche.

Hatua ya 2: Shusha data zilizo wazi

Jenomu ya kloroplasti ya chungwa (C. sinensis) ilichapishwa mwaka 2006, na ndiyo kipimo cha wengine wote. Iko GenBank, hifadhidata ya DNA iliyo wazi kwa umma, kwa namba NC_008334. Ina jozi za besi (herufi za DNA) 160,129 zilizogawanyika sehemu nne: sehemu kubwa ya nakala moja, LSC, yenye 87,744, sehemu ndogo ya nakala moja, SSC, yenye 18,393, na kati yao marudio mawili yanayotazamana kinyume, IR, kila moja 26,996. Jumlisha mwenyewe uone. Namba hizi nne zihifadhi karibu, utazihitaji mara kadhaa.

Jenomu ya ndimu ilitoka mwaka 2014, nayo ilitokana na ndimu ya Oman, nchi ambako ugonjwa wa ufagio wa mchawi umeangamiza mashamba mengi ya ndimu. Ina jozi 159,893. Tazama jinsi ilivyokaribia chungwa: tofauti ya urefu ni jozi 236 tu. Kwa hiyo urefu hautakuambia lolote kuhusu ukoo, ni herufi zenyewe zitakazosema.

Ukiwa na kifurushi cha Entrez Direct, cha kushusha data kwa amri, amri ni hii:

efetch -db nuccore -id NC_008334 -format fasta > chungwa_1.fasta

Rudia kwa kila namba uliyoichagua. Shusha pia umbizo la GenBank (-format gb), kwa sababu humo mna jina la aina, nchi na waliopeleka data. Badili majina ndani ya mafaili yawe mafupi yasiyo na nafasi: chungwa_1, danzi_2, furungu_1. Usipofanya hivyo, programu zitakata majina zenyewe na mwishoni utakuwa na Citrus kumi zisizojulikana ni zipi.

Aina ambayo haina jenomu iliyokamilika huenda ina vipande ghafi, yaani DNA iliyosomwa lakini haijaunganishwa, kwenye hifadhi ya SRA. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 uliochunguza jenomu 60 za jamii ya machungwa uliacha data nyingi huko. Vishushe kwa fasterq-dump kisha uende hatua ya nne.

Hatua ya 3: Kama una majani yako

Kabla ya kugusa tawi, pata vibali. Tanzania kibali cha utafiti ni cha COSTECH, Kenya ni NACOSTI, na ukipeleka sampuli nje ya nchi kuna taratibu nyingine za rasilimali za kijenetiki na afya ya mimea. Usisafirishe vikonyo (vijiti vya kubebeshea) wala matawi mabichi. Ugonjwa wa kijani wa michungwa unasambazwa na wadudu wadogo wanaosafiri na majani mabichi, na hakuna mti wa ukoo unaostahili kupelekea shamba la mtu balaa hilo.

Sasa jambo linaloharibu tafiti nyingi za michungwa kuliko kosa lolote la kompyuta. Karibu miti yote ya biashara imebebeshwa. Kikonyo ni cha chungwa au chenza, lakini mti wa chini ni wa aina nyingine, na Afrika Mashariki mti huo mara nyingi ni limau lile chungu lenye ganda la vinundu. Kikonyo kikidhoofika, machipukizi ya chini hupanda na kuchanganyika na majani ya juu. Ukichuma jani kutoka kwenye chipukizi hilo huko Muheza na kuandika chungwa kwenye bahasha, utapata kloroplasti ya kundi la chenza, kwa kuwa limau la vinundu lilizaliwa na mama mchenza na baba sitroni. Utaandika ripoti ya ajabu. Mbaya zaidi, ukifanya kosa hilo kwenye mchenza uliobebeshwa hutagundua kamwe, maana majibu yatafanana na ulichotarajia.

Kwa hiyo: tafuta kovu la kubebesha kwenye shina, panda kwa macho kutoka pale hadi tawi unalochuma, na ikiwezekana chuma tawi lenye tunda. Piga picha ya tunda, jani, shina na kovu. Chukua tawi jingine, likaushe kwenye gazeti na uliwasilishe kwenye hifadhi ya mimea iliyokauka ili mwingine aweze kuhakiki.

Kwa DNA chuma majani machanga, yana wanga kidogo. Yakate vipande, yaweke kwenye mfuko pamoja na silika jeli nyingi kuliko majani, yakauke ndani ya siku moja au mbili. Maabara wengi hutoa DNA kwa njia ya CTAB. Majani ya michungwa yana sukari za kunata na fenoli zinazogeuza myeyusho kuwa wa kahawia, kwa hiyo ongeza PVP na beta-mekaptoethanoli, na usafishe kwa klorofomu mara mbili ikibidi. Pima kiasi kwa Qubit, kifaa kinachopima DNA yenyewe. Kipimo cha mwanga peke yake kitakudanganya kwa sababu kinahesabu na uchafu.

Kusoma mfuatano hakuhitaji gharama kubwa. Mwambie mtoa huduma unataka vipande vya Illumina (aina ya mashine za kusoma DNA) vya jozi, urefu wa 150, takriban jigabesi 2 kwa sampuli. Piga hesabu: ikiwa asilimia 5 tu ya vipande ni vya kloroplasti, una megabesi 100, na ukizigawa kwa 160,000 unapata kina, yaani mara ambazo kila herufi imesomwa, cha zaidi ya 600. Ni kingi mno kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Unganisha vipande

Safisha kwanza kwa fastp, ambayo huondoa viunganishi vya maabara na ncha zenye ubora mdogo. Kisha tumia GetOrganelle, programu ya kuunganisha vipande kuwa jenomu. Kuna nyingine, NOVOPlasty ikiwa mojawapo, nayo ni nzuri, ila GetOrganelle hunionesha mchoro wa jinsi vipande vilivyoungana, na mchoro huo una thamani kuliko faili la mwisho. Mara moja tu andaa hifadhidata yake:

get_organelle_config.py --add embplant_pt,embplant_mt,embplant_nr

Kisha kwa kila sampuli:

get_organelle_from_reads.py -1 R1.fq.gz -2 R2.fq.gz -o danzi_1 -R 15 -k 21,45,65,85,105 -F embplant_pt

Mambo yakienda sawa utapata duara kamili, na mara nyingi mafaili mawili badala ya moja. Usishtuke, wala usidhani moja ni bovu. Ndani ya mmea mmoja kloroplasti huwa za maumbo mawili, SSC ikielekea upande huu au ule, kwa sababu marudio yale mawili huruhusu sehemu ya kati igeuke. Yote mawili ni ya kweli. Unachotakiwa ni kuchagua mwelekeo mmoja na kuushikilia kwa sampuli zote, ule wa NC_008334.

Duara lisipofungika, jaribu kuongeza data kabla ya kuchezea vigezo. Likifungika lakini urefu ukiwa mbali sana na 160,000, fungua mchoro kwa programu ya Bandage utazame ni wapi lilipokwama.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kuamini

Rudisha vipande juu ya jenomu uliyoijenga:

minimap2 -ax sr danzi_1.fasta R1.fq.gz R2.fq.gz | samtools sort -o danzi_1.bam
samtools depth -a danzi_1.bam > danzi_1_kina.txt

Chora kina hicho kwenye programu yoyote ya majedwali. Kinatakiwa kiende bila mashimo. Shimo la ghafla ni dalili ya kiungo kibaya. Mahali ambapo vipande vingi vinasema A na vichache vinasema G pana maelezo ya kawaida: nyuklia na mitokondria zimebeba nakala chakavu za DNA ya kloroplasti, zilizohamia huko zamani, nazo zinajipenyeza. Chukua herufi ya walio wengi. Kwa data zilizoshushwa zikiwa tayari huwezi kufanya ukaguzi huu, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwa na sampuli mbili kwa kila aina.

Hatua ya 6: Weka alama za jeni

Kwa mti wenyewe hatua hii si ya lazima, lakini bila hiyo huwezi kuwasilisha jenomu GenBank, wala hutajua tofauti unazoziona ziko wapi. Pandisha faili lako kwenye GeSeq ya taasisi ya Max Planck huko Potsdam, mpe NC_008334 kama kielelezo, na upokee majibu. Tovuti hiyohiyo huchora ile duara ya rangi inayopendwa na majarida.

Jenomu ya chungwa ina jeni 133, baadhi zikiwa zimerudiwa kwenye IR. Fahamu ukorofi wake mapema. Jeni ya infA haipo. IR imetanuka ikaimeza rps19 na mwanzo wa rpl22, asidi amino 84 za kwanza, na nakala ya rpl22 iliyo kwenye IRb (mojawapo ya zile IR mbili) ina mabadiliko yaliyozaa vituo tisa vya kusimamisha usomaji. Kwa hiyo programu ikipiga kelele kuhusu rpl22, huenda iko sahihi nawe uko sahihi. Kuhusu rps12, vipande vyake vimekaa mbalimbali kwenye jenomu na huunganishwa baadaye kwenye RNA. Programu huikosea mara kwa mara, ipitie kwa mkono.

Hatua ya 7: Panga mifuatano sambamba

Hapa ndipo mti mzuri au mbaya unapotengenezwa. Mambo matatu yafanyike kabla ya kuita programu ya kupanga.

Kwanza, duara halina mwanzo, hivyo kila mtu hulikata anapotaka. Zungusha zote zianzie mahali pamoja, mwanzo wa LSC karibu na jeni ya trnH. Ukiilinganisha kila jenomu na NC_008334 kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, utaona ilipokatwa.

Pili, hakikisha SSC zote zinaelekea upande mmoja. Iliyogeuka hujitambulisha: sampuli inafanana na wenzake kwenye LSC yote, kisha ghafla inatofautiana nao kwa maelfu ya herufi kwa takriban jozi 18,000, halafu inafanana tena. Kata kipande hicho, kigeuze kwa seqkit seq -r -p -t dna, ukirudishe. Nimeona miti iliyochapishwa yenye tawi moja refu lisiloelezeka, na swali la kwanza linalonijia ni hili la SSC.

Tatu, ondoa IR moja. Ni nakala ya ile nyingine. Ukiziacha zote mbili unahesabu kila badiliko mara mbili. Kwa chungwa, faili likianzia LSC, bakiza jozi 133,133 za mwanzo.

Halafu:

cat *_tayari.fasta > zote.fasta
mafft --auto --thread 4 zote.fasta > zote_sambamba.fasta
trimal -in zote_sambamba.fasta -out zote_safi.fasta -gt 0.8

Fungua zote_sambamba.fasta kwenye AliView uitazame kwa macho kabla ya kuridhika na trimal. Sehemu zenye mfululizo wa A au T kumi na zaidi zisikutie shauku, mashine za kusoma hukosea urefu wake. Zaidi ya hapo ni kuchoka kwa macho tu, lakini kuna faida yake: baada ya nusu saa utaanza kuziona kwa macho yako mwenyewe sampuli zinazotembea pamoja.

Hatua ya 8: Jenga mti

iqtree2 -s zote_safi.fasta -m MFP -B 1000 -alrt 1000 -T AUTO -o Severinia_1

MFP huiambia programu ijaribu mifano mbalimbali ya mabadiliko ya DNA na kuchagua inayofaa. Namba mbili za 1000 ni za kupima uimara wa kila tawi kwa njia mbili tofauti. Kwa mifuatano thelathini au arobaini, kompyuta ya mkononi inatosha.

Soma faili la .log, usirukie picha. IQ-TREE itakutajia mifuatano inayofanana kabisa. Ikikuambia limau fulani na danzi fulani hazina tofauti hata herufi moja, usione ni hitilafu, hilo ni jibu la kwanza ulilolitafuta. Kisha fungua faili la .treefile kwenye FigTree au iTOL. Tawi liaminike likiwa na angalau 80 kwa kipimo cha SH-aLRT na 95 kwa kile cha pili. Matawi mafupi mno, ya herufi moja au mbili, yachukulie kuwa hayajaamuliwa hata yakija na namba nzuri.

Hatua ya 9: Usome mti kama nasaba ya kukeni

Kazi yako ikiwa sahihi, utaona makundi haya.

Chungwa, danzi, balungi na limau vimekusanyika kwa furungu. Danzi ni mtoto wa furungu na chenza, furungu akiwa mama. Chungwa lina damu ya wote wawili kwa mchanganyiko mgumu zaidi, lakini kloroplasti yake ni ya furungu. Balungi lilizuka Barbados katika karne ya 18 kutokana na furungu na chungwa, hivyo pande zote mbili zingeleta kloroplasti ileile. Limau limefika hapo kwa mlango wa nyuma: mama yake ni danzi, baba yake ni sitroni. Yaani bibi yake limau ni furungu, tunda lisilofanana naye kwa ukubwa, rangi wala ladha.

Kwa chenza utakuta machenza yenyewe, limau la vinundu, na klementini, iliyotokea Algeria mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mama mchenza na baba mchungwa. Linganisha klementini na chungwa: wote wana damu ya chenza na furungu, lakini mti wako umewatenganisha kabisa kwa sababu ya upande wa mama tu.

Ndimu ndogo yenye mbegu itakaa na C. micrantha. Baba yake ni sitroni. Ile ndimu kubwa isiyo na mbegu, Tahiti, ina seti tatu za kromosomu, ilipata yai lake kutoka kwa limau na chavua kutoka kwa ndimu ndogo, kwa hiyo iko na kundi la furungu. Sokoni zote mbili ni ndimu, na kwenye mti wako zimekaa mbali.

Sitroni utamkuta karibu peke yake, akiwa jirani na spishi za Australia, jambo lililooneshwa mwaka 2015 na uchambuzi wa jenomu 34 za kloroplasti. Umeshaona ametajwa mara ngapi hapo juu kama baba? Ua lake mara nyingi hujirutubisha kabla halijafunguka, kwa hiyo chavua ya mgeni haipati nafasi, ilhali chavua yake mwenyewe hutoka ikazaa kwingine. Kwa kloroplasti peke yake, baba huyu wa ndimu, limau na limau la vinundu hana mtoto hata mmoja.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Wanaona namba 100 kwenye tawi, wanaandika kwamba limau na furungu ni spishi ndugu. Namba ile inasema tu kwamba kloroplasti zao zina asili moja. Jenomu nzima ya kloroplasti hurithiwa kama kipande kimoja, kwa hiyo herufi zake 160,000 ni ushahidi wa shahidi mmoja, na shahidi akizungumza saa tatu mfululizo habadiliki kuwa mashahidi wawili.

Hatua ya 10: Muulize na baba

Habari njema ni kwamba vipande vyako vya Illumina vina zaidi ya kloroplasti. Rudia GetOrganelle kwa -F embplant_nr upate DNA ya ribosomu ya nyuklia, inayorithiwa kutoka pande zote. Jenga mti wake, uuweke pembeni ya ule wa kwanza. Aina inayohama kutoka kundi moja kwenda jingine ni mshukiwa wa uchotara. Kwa limau au ndimu, tazama pia herufi ambazo vipande vimegawanyika karibu nusu kwa nusu: hizo ni sauti za wazazi wawili. Lakini usishangae sauti moja ikikosekana, kwa kuwa nakala nyingi za DNA hiyo huweza kusawazishwa zikabaki za mzazi mmoja.

Uthibitisho kamili unataka alama maelfu kutoka nyuklia nzima. Kwa hilo utahitaji data nyingi kuliko jigabesi 2, maana jenomu ya nyuklia ya chungwa ni kama jozi milioni 367. Ukiwa huna uwezo huo, andika kwenye ripoti mama wa kloroplasti uliyemwona na uishie hapo. Ni matokeo halali.

Hatua ya 11: Miaka, kama ni lazima

Wasimamizi hupenda tarehe. BEAST 2, programu ya kukadiria miaka ya matawi, itakupa, lakini inahitaji angalau kisukuku kimoja cha kuifunga saa. Kilichopo na kinachotumika ni Citrus linczangensis, jani lililochimbuliwa Lincang, Yunnan, la mwishoni mwa kipindi cha Miosini, lililoelezwa mwaka 2013. Utafiti wa 2018 uliweka kuenea kwa jenasi hii kati ya miaka milioni 6 na 8 iliyopita, kutoka vilima vya kusini-mashariki mwa Himalaya: mashariki mwa Assam, kaskazini mwa Myanmar na magharibi mwa Yunnan. Majibu yako yakija milioni 30, tafuta kosa kwenye mipangilio kabla ya kutafuta jarida. Chotara kama danzi na limau waondoe kwenye hesabu hii kabla ya kuanza. Hawana tarehe ya kutengana inayoeleweka, na ukiwaacha watabana matawi ya mwisho bila kukuambia chochote.

Hatua ya 12: Wasilisha

Peleka jenomu GenBank na vipande ghafi SRA. Mahali pa jina andika aina kamili, si Citrus tu. Mahali pa sampuli andika namba ya tawi lililokauka na hifadhi lilipo. Mahali pa maelezo andika wilaya, mwaka wa kuchuma, na kama mti umebebeshwa au umeota kwa mbegu. Taja pia toleo la kila programu na amri ulizotumia, pamoja na mwelekeo wa SSC uliouchagua na kama uliondoa IR. Atakayeshusha data zako baada yako ataanza na maswali hayohayo.